Zege Lililokatazwa Kupasuka

Wewe unayesoma, umewahi kuona zege likipewa amri? Sisi wa Malaba tumeona. Ilitangazwa kwa kipaza sauti, mbele ya malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Uganda: kuanzia Jumatatu, ni marufuku kwa zege la soko jipya kupasuka.

Mimi nilikuwa kwenye Kamati ya Uvumilivu wa Joto, nikiwakilisha moshi. Tulikuwa tunasimamia meko mapya ya zege ya wakaanga samaki. Hadi yapimwe, Amongin na wenzake walihamishiwa nje ya lango, juani, wakakatazwa kuwasha hata kiberiti. Na samaki wa Budalang'i hawajui kungoja kamati.

Mhandisi Vivianne alitueleza vizuri, tena polepole. Zege likipata moto mkali, maji yaliyojificha ndani yanageuka mvuke. Mvuke ukikosa njia, zege linalipuka. Lakini ukilichanganya na nyuzi nyembamba za plastiki, zile nyuzi zinayeyuka, zinaacha vijia, mvuke unatoka taratibu kama kwenye sufuria ya wali.

"Zinayeyuka?" Mkurugenzi Robinson alishtuka. "Mali ya serikali haiyeyuki. Ondoa!"

"Boss, kazi yake ndiyo hiyo, kuyeyuka."

"Basi kama ni lazima, zitayeyukia kwenye sakafu ya ofisi yangu, nizisimamie mwenyewe."

Tukapiga makofi, na nyuzi zote zikaenda kwenye zege la sakafu yake. Kiongozi mwenye kujitolea hivyo utampata wapi?

"Mimi ninachotaka..." Amongin akaanza.

"Mama, ngojea Mengineyo, mwisho wa ajenda."

Mengineyo hatukuyafikia. Soda zilikuwa zimeisha.

Siku ya kupima, mkaa ukawashwa kwenye meko. Mkurugenzi akakaa kiti cha mbele kabisa, suti nyeupe, akalisomea zege ile amri mara nyingine. Zege likasikiliza kwa heshima. Halafu, pah! Kipande kikaruka, kikapindua kikombe chake cha chai. Pah! Pah! Tukamkuta nje ya lango, amechuchumaa nyuma ya beseni la Amongin, tai imelowa maji ya samaki wake wa ngege. Hakuna aliyeumia, isipokuwa amri.

"Zege limekaidi!" akatangaza kutoka huko huko. "Kuanzia leo, hakuna kukaanga ila juu ya zege lenye nyuzi!"

Tukapitisha kwa kauli moja. Muhuri ukagongwa papo hapo.

"Na zege hilo liko wapi?" nikauliza.

"Liko moja tu," Vivianne akasema, akitazama mlango wa ofisi.

Akina mama wakainuka na majiko yao, makarai na mafuta. Wakaingia, wakakunja zulia kwa adabu, manyoya ndani. Moshi nao ukaingia, nami nikaufuata, maana ndio niliouwakilisha. Mkurugenzi alikuwa amekimbilia kitini kwake.

"Sasa nyinyi mnataka nini humu?"

Amongin akatua jiko lake, akafunga leso vizuri, akapepea makaa hadi yakawa mekundu.

"Nilikuwa nangojea Mengineyo, mzee. Nilitaka tu pahali pa kukaangia. Hapa panatosha. Sogeza meza kidogo, mafuta yasikurukie."