Kidude Kwenye Pindo la Sweta

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeamua. Yusta atawekwa chipu. Chini ya ngozi, juu kidogo ya kiwiko, ndogo kama punje ya mchele. Nimeiona kwenye simu. Mtoto akienda popote, baba anaona. Wiki iliyopita ukungu ulishuka saa ya kutoka shule na mwanangu wa pekee, mwenye miaka tisa, akachelewa kufika. Nilisimama mlangoni nahesabu dakika. Kumbe anachuma matunda damu njiani! Sirudii tena kuteseka vile.

Mke wangu Secilia kasema hapana. Mtoto huzoeshwa njia, havalishwi kengele. Nikamwambia haijui dunia ya leo. Akasema hiyo dunia ya leo ingenifundisha kwanza kusonga ugali usio na madonge. Inahusu nini? Yusta naye anajua kwamba bodaboda yangu ina kidude cha GPS cha kumchunga dereva, Dula. Kaniuliza kama na yeye ni pikipiki.

Jumanne, 6 Mei

Kwa Ismaili, daktari wa mifugo. Nani mwingine hapa Lushoto ana sindano kubwa kiasi hicho? Kacheka mpaka kashika meza. Kasema chipu za mbwa anazifahamu, ila hazioneshi mbwa alipo. Zinakwambia ni mbwa wa nani ukishampata. Nikamwomba aweke hivyohivyo, tutaboresha baadaye. Kanifungulia mlango nitoke.

Jioni, kikao cha wazazi. Nimesimama nikatoa hoja: watoto wote wawekwe chipu. Kristian, jirani yangu na mwenyekiti wa kamati, kasema mwili wa mtoto si wa kupigwa chapa. Makofi! Kwa Kristian, ambaye hata mbwa wake hamsikilizi! Mama mmoja kauliza, mtekaji akijua chipu iko mkononi, huo mkono utabaki? Hilo sikuwa nimelifikiria.

Jumatano, 7 Mei

Nimepata njia ya katikati. Nimetoa kidude cha GPS chini ya kiti cha pikipiki, nikakishona kwenye pindo la sweta la shule la Yusta. Sindano ya magunia, uzi mwekundu, vidole vimetoboka. Yusta hajui. Secilia hajui. Dula ndiyo kabisa!

Asubuhi nimekaa na simu. Kitone cha bluu kinatembea, huyo mwanangu. Roho kwatu. Ila kinasimamasimama! Nikatoka mbio, nikajibanza nyuma ya mgomba. Kumbe anaamkia wazee. Shikamoo kwa anayepasua kuni, shikamoo kwa mama wa genge. Bibi Esteria ndiye balaa, lazima aulize mama hajambo, kuku hawajambo. Jioni nikamwagiza Yusta apunguze hizo shikamoo, zinamchelewesha. Secilia kasema nikitaka mtoto asiye na adabu nikatafute kwingine.

Ijumaa, 9 Mei

Usingizi hauji, naandika.

Mvua tangu mchana. Ukungu mpaka huoni kwa jirani. Shule ilipotoka, kitone hakikuja huku kwetu Irente. Kikashika barabara ya Mlalo. Kwa kasi! Mtoto hakimbii hivyo. Mwanangu yumo ndani ya gari!

Nikampigia Dula alete pikipiki. Hapatikani. Pikipiki iko wapi? Nitajuaje, kidude kiko kwenye sweta! Ikabidi niende kwa Kristian, nikamlilia. Kachukua funguo za pikapu. Kona zile, utelezi ule, yeye kichwa nje ya dirisha ili aone njia, mimi naomba Mungu kwa sauti. Tukaifikia haisi ya abiria, tukaizuia. Nikaingia nikiita jina la mwanangu. Sweta lipo! Aliyelivaa ni Modesta, mwenzake wa darasani, anakwenda kwa bibi yake. Kaniamkia vizuri kabisa. Kasema alikuwa anatetemeka kwa baridi, Yusta akavua sweta akampa.

Yusta yuko kwenye mvua, hana sweta, na mimi nimekimbia upande usio wake. Nikampigia Secilia. Mtoto hajafika. Secilia hakuniuliza niko wapi. Kakata simu, kaingia njiani.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Secilia aliifuata njia ya shule kuanzia shuleni, mlango kwa mlango. Mzee wa kuni kasema ndiyo, Yusta kamwamkia. Mama wa genge kasema kamwamkia, tena kalowa chapachapa. Bibi Esteria kasema leo hajamwamkia. Secilia akasimama hapohapo. Yusta hawezi kumpita Bibi Esteria bila shikamoo, hata mvua inyeshe mawe. Basi yuko kati ya genge na kwa bibi! Watu wakashuka bondeni na tochi, wakiita. Wamemkuta kwenye korongo. Kateleza, mguu umevimba, sauti imekauka kwa kuita. Giza lilikuwa linaingia. Kwa baridi ile asingefika asubuhi.

Nimefika nikamkuta ndani ya mablanketi. Kaniuliza, baba, ulikuwa wapi? Nimelia, tena mbele ya Kristian.

Jumapili, 11 Mei

Ibada ya shukrani. Mchungaji kawashukuru wazee wote wa njiani. Kristian katajwa kwa jina. Mimi sikutajwa.

Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Kosa ni sweta! Sweta linaazimika. Ngozi haiazimiki. Kidude kingekuwa mkononi mwa Yusta, ningempata mwenyewe, wala asingetajwa mtu. Nimemweleza Yusta kwa upole. Kasema nikimchoma hiyo chipu, mimi sitapata shikamoo yake tena. Imeniuma. Atanishukuru akikua.

Jumatano, 14 Mei

Modesta karudisha sweta juzi. Pindo limefumuliwa, kidude hakimo! Simu inasema kiko nyumbani. Nimepekua hadi banda la kuku, hakuna. Nikaenda sokoni, simu ikasema kiko sokoni. Kimeharibika.

Leo nimemuaga Secilia kwamba naenda shamba, nikanyata hadi kwa Ismaili kumbembeleza upya. Sijagonga mlango, simu ikalia. Secilia! Kauliza shamba limehamia lini kwa daktari wa mifugo. Nikakimbilia mgahawani, nikakaa kona ya mwisho. Simu tena: chai ina tangawizi? Nikageuka nyuma, hakuna mtu. Baba mwenye nyumba yake anafuatwa kama pikipiki! Ni dharau. Mtu ana haki ya kwenda anakotaka bila kuchungwa. Nitamwambia.

Niliporudi, yeye na Yusta walikuwa wameinamia simu yake, wanacheka. Nikaghairi kugomba. Halafu Secilia nimsifu kwa jambo moja: juzi kanishonea pindo la koti lililokuwa linaning'inia. Uzi mwekundu, mshono safi kuliko wangu. Koti limekuwa zito kidogo, lakini upepo haupenyi. Kesho nalivaa tena, narudi kwa Ismaili. Safari hii sitamuaga mtu, tuone atajuaje.