Magurudumu Madogo Mpaka Madale

Jumatatu, 14 Julai

Wiki ya saba ya ndoa! Bado nikiamka namtazama Isack wangu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Anakoroma kidogo. Hata kukoroma kwake kuna mdundo.

Dosari ni moja tu: Jumamosi. Kila Jumamosi anaondoka alfajiri na kikundi chake cha waendesha baiskeli, mie nabaki hapa Chang'ombe na sufuria la maharage. Jumamosi nzima! Ndoa changa hivi!

Leo nimemwomba anichukue. Baiskeli ninayo, kaninunulia mwenyewe ya kwendea sokoni: mtumba wa Japani, ya kukunja, magurudumu kama sinia la pilau. Akasema kwa upande wake hana neno, ila kiongozi wa kikundi ni dada yake. Yaani wifi yangu Eliaichi. Mrefu kama nguzo ya umeme, na baiskeli yake ndefu vilevile. Tukampigia. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Kisha akatoa hukumu: Jumamosi hii wanakwenda Madale. Nikifika juu ya mlima pamoja nao, Jumamosi zote ni zangu. Nikishindwa, nirudi kwenye maharage na nisiulize tena.

Nimekubali. Kwa ajili ya penzi!

Jumanne, 15 Julai

Mazoezi. Nilipotoka kazini (nachapa barua za watu kwenye duka la stationari) nikashika njia ya daraja la Kigamboni. Nikapiga hesabu: wifi akizungusha pedali mara moja, mie mara tatu. Miguu inakwenda kama cherehani. Na watu wa Kurasini wana maneno! Mmoja aliuliza mama wa baiskeli hii nimemwacha wapi. Mwingine akanishauri: "Sista, imwagilie maji, itakua."

Nikawapuuza. Nilikuwa namuwaza Isack. Katikati ya daraja nikafumba macho kidogo, kwa hisia. Baiskeli ikajikunja. Nami juu yake!

Jumatano, 16 Julai

Kwa fundi Nassibu. Akasema baiskeli haina ugonjwa, mgonjwa ni mie: sikubana komeo la katikati mpaka lilie "ta!" Akaendelea kusema naweza kufika mbali sana, nisikimbizane na mtu, niende mwendo wangu na kunywa maji. "Umbali haujui ukubwa wa gurudumu, dada." Maneno mazuri mno. Sikuyasikiliza vizuri, kwa sababu alikuwa anaikunja na kuikunjua huku akiongea, na hapo hapo wazo likaniangukia.

Kinachokunjika kinabebeka. Kinachobebeka kinapanda bajaji!

Mpango: naendesha nao mpaka Tegeta. Nasingizia pancha, watangulie. Mfaume, dereva wa bajaji wa mtaani kwetu, ananisubiri kichochoroni. Naikunja, naifunga nguo isijulikane, tunawapita, nawasubiri kileleni nikijifuta jasho. Wakiuliza, kuna njia ya mkato.

Jumla ya uongo: mdogo tu. Jumla ya mapenzi: haipimiki.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda dukani kwa Bi Mahfudha kutafuta kanga ya kufungia. Nikaiona moja ya njano. Rangi ileile ya shati alilovaa Isack siku aliyokuja kujitambulisha kwetu Muleba! Nikaikumbatia palepale.

Bi Mahfudha akauliza kama nimeliona jina lake. Nikasema nalijua, anaitwa Isack. Akanitazama. Akauliza tena, hilo jina, nimeridhika nalo kweli? Nikamwambia nitazikwa nalo. Akaikunja taratibu, akaitia mfukoni, akasema, "Haya mwanangu. Ndoa zina mambo."

Mwanamke mwenye hekima.

Jumamosi, 19 Julai, jioni

Nimeoga mara mbili, aibu haijatoka. Naandika hivyohivyo.

Ubungo. Mwenge. Tegeta. Ukweli usemwe: nilikuwa vizuri! Pumzi ipo, miguu ipo. Wifi aligeuka mara mbili kunitazama na hakucheka. Isack akasogea pembeni yangu akaniambia, "Deme, mbona unaweza!" Nilitamani kulia. Ule mlima ningeupanda, naapa.

Lakini Mfaume alikuwa ameshafika, na mpango ni mpango. Nikapiga kelele: pancha!

Niliapa naziba mwenyewe, wakatangulia. Nikaikunja, tukaifunga nyuma ya bajaji kwa mpira, kanga juu yake. Tukawapita wamesimama chini ya mlima wanakunywa maji, mie nimejilaza kwenye kiti. Hawakuniona! Nikajibusu mkono.

Kumbe bajaji ya Mfaume mlimani haina haraka na mtu. Wakapanda baiskeli zao, wakatufikia, tukawa mwendo mmoja, wifi mbele kabisa, pua yake karibu na mzigo wangu. Upepo wa Madale ukaifungua kanga ikawa bendera. Kigurudumu kikachungulia. Kisha nikasikia sauti ya wifi ikisoma polepole, kwa vituo, kama somo la kanisani:

"WIFI NUNA UPASUKE, KAKAKO KANIPENDA."

Jina la kanga! Bi Mahfudha alikuwa anauliza maandishi!

Kikundi kilicheka mpaka wawili wakashuka kwenye baiskeli. Wifi hakucheka. Alikanyaga kama anayekimbiza mwizi, akaipita bajaji, akatuzibia njia kileleni. Nikashuka na baiskeli kifuani kama kichanga. Nikasema nimepata njia ya mkato.

Alisema mengi. Neno "dharau" nililihesabu mara sita. Isack wangu alifungua kinywa kunitetea, kikatoka kicheko. Wifi akaona.

Jumapili, 20 Julai

Kikao kwa mama mkwe, Temeke. Nilipiga magoti, shikamoo ya unyenyekevu wote. Nikaeleza kanga ilikuwa ya kufungia mzigo, si ya kumpelekea mtu ujumbe. Mama mkwe akaisoma. Akaisoma tena. Akajifunika nayo uso, mabega yakitikisika. Nilidhani analia.

Alipojifunua akamuuliza wifi kama nimeendesha kweli. Wifi akakiri, kwa shida, kwamba mpaka Tegeta nimefika kwa miguu yangu, na kwa kitoto kile cha baiskeli si haba. Basi mama mkwe akaamua: tupatane. Jumamosi zote nitaendesha na wifi, sie wawili tu, mpaka tuzoeane. Na Isack, kwa kumcheka dada yake barabarani, atabaki nyumbani na maharage.

Nimezipata Jumamosi zote! Bila Isack.

Jumatatu, 21 Julai

Nimetafakari kwa kina, na kosa langu nimeliona wazi. Kosa ni kanga.

Jumamosi mie na wifi tunakwenda Bunju. Tukifika Mwenge nitapata pancha. Mfaume atakuwa kichochoroni. Kabla ya saa tatu nipo Chang'ombe, bega kwa bega na mume wangu, tunachambua maharage.

Na safari hii nafunga kwa turubai. Turubai halina maandishi.