Mteremko wa Mbele ya Duka

Jumatatu, 11 Oktoba 2004

Chumba cha mbele bado kitupu. Tangu mpangaji aliyekuwa akionyesha video ahame, hakuna hata mtu wa kuuliza bei. Nzomo, jirani yangu mwenye jengo la ng'ambo ya barabara, vyumba vyake vimejaa isipokuwa kimoja. Kila jioni ananiuliza biashara inaendaje. Anajua vizuri sana inavyoenda.

Lakini leo, bahati! Nimerudi kutoka kazini Nairobi nikamkuta Naserian mbele ya chumba, kwenye kiti chake cha magurudumu. Ni fundi wa nguo, anashona nje ya kinu cha posho kwa cherehani ya mkono. Amepata kazi ya sare za shule na anataka chumba kabla ya Januari. Kwa Nzomo ameshaangalia: mlango ni mwembamba, kiti hakipiti. Wangu ni mpana. Shida ni ngazi tu. Nikamwambia asijali, vijana wa stendi watamwinua asubuhi na jioni.

Akaniangalia kidogo.

"Mzee, mimi nimebebwa tangu nikiwa mdogo," akasema. "Hii duka nataka kufungua mwenyewe, hata kama hakuna mtu karibu."

Basi nikamwahidi mteremko wa kupandisha kiti. Unajengwaje? Hilo nitalijua nikiwa kitandani.

Jumatano, 13 Oktoba 2004

Saruji ya nini wakati mbao zipo? Nimeng'oa mbili kwenye banda la kuku, nikaziegemeza kwenye ngazi. Nikaazima kiti cha magurudumu kanisani ili nijaribu mwenyewe. Mtu makini hujaribu kazi yake.

Nilifika katikati. Mbao zikaachana. Nikarudi nyuma mpaka barabarani, nikasimama katikati ya mbuzi waliokuwa wakielekea sokoni. Mwenye mbuzi akanisalimia kwa Kimaasai, supa, kwa heshima na kuniuliza nimeugua lini. Nzomo aliona yote kutoka barazani kwake. Kuku wetu pia wako kwake sasa. Selpha, mke wangu, haongei na mimi.

Jumamosi, 16 Oktoba 2004

Nimemwita Oyoo, mwashi tunayesali naye. Saruji sasa. Selpha ameamua kuongea, na bora angenyamaza. Anasema watu wa hapa Kitengela huchimba huu udongo mweusi na kuutoa wote, wakajaza murram, ule udongo wa changarawe, ndipo wakajenga. Eti ukipata maji unavimba. Nikamwambia nyumba yetu imesimama bila neno. Akasema nyumba tuliinunua ikiwa tayari, aliyeijenga alichimba.

Nzomo naye akavuka barabara kuja kusema hayo hayo. Hapo ndipo nilipojua hakuna ukweli ndani yake. Tangu lini Nzomo akanitakia mema? Kwetu Bungoma tunajenga juu ya ardhi kama Mungu alivyoiweka. Oyoo pia ni wa magharibi, hakubisha. Ardhi imekauka, inalia ukiigonga. Tumemwaga zege juu yake.

Jumanne, 19 Oktoba 2004

Umekamilika! Mrefu, laini, umepakwa rangi nyekundu. Naserian amekuja akapanda polepole, kwa mikono yake mwenyewe, mpaka ndani. Hakuna aliyemgusa. Akazunguka chumba, akachagua mahali pa cherehani karibu na dirisha. Kisha akashuka, akapanda tena bila sababu yoyote. Alikuwa anacheka. Nilifurahi kweli, hata nikasahau kumtazama Nzomo.

Alitaka kuhamia kesho. Nikamwomba angoje hadi Jumamosi. Kitu kama hiki hakifunguliwi kimya kimya. Sheria ya watu wenye ulemavu imepitishwa juzi tu, na katika mtaa huu nani ameitii? Mimi, Makokha. Nitaita chifu, pasta, nikodi hema na viti. Naserian akasema yeye hana haja na hema. Nikamwambia ni kwa ajili yake.

Ijumaa, 22 Oktoba 2004

Mvua tangu Jumatano. Baraka! Nilifunika mteremko kwa nailoni mapema ili rangi isiharibike kabla ya chifu kuiona. Leo nailoni imeinuka kidogo karibu na mlango. Upepo.

Jumamosi, 23 Oktoba 2004

Haukuwa upepo.

Nailoni ilitolewa mbele ya watu wote. Udongo ulikuwa umevimba chini ya zege kama unga wa mandazi. Mteremko umepasuka katikati, na upande wa juu umeinuka kupita kizingiti. Mlango wangu wa chuma hufunguka kwa nje. Chifu akakata utepe, akavuta mlango. Akavuta tena. Pasta akamsaidia. Mwishowe chifu akasema unaweza kuhesabika umefunguliwa, na hotuba zikaendelea mlango ukiwa umefungwa. Alizungumza vizuri sana juu ya kutomwacha yeyote nyuma.

Naserian alikuwa nyuma. Kamba za hema zilikuwa zimeziba njia, hakuweza kupita. Wanaume wakataka kumwinua aone utepe. Akakataa. Watu walipokwenda kula pilau ndipo aliposogea akautazama ule ufa.

"Mzee, mimi sikuomba sherehe," akasema. "Niliomba kuingia tu."

Nikamletea pilau. Hakuila.

Jumanne, 9 Novemba 2004

Nzomo amebomoa ukuta wa kile chumba chake kitupu na kuweka mlango mpana. Nasikia alimwita Naserian aje na kiti, wakapima pamoja. Mbele amechimba udongo mpaka kwenye mwamba, ndipo akajenga mteremko. Leo asubuhi nikielekea kazini nimemwona Naserian akifungua kufuli mwenyewe, hakuna mtu karibu. Akanipungia mkono bila kinyongo. Nimeona aibu mpaka nikaacha kunywa chai ofisini. Nimeapa: mpangaji mwingine akija, nitauliza kwanza, nitasikiliza, ndipo nishike sepeto.

Jumatano, 19 Januari 2005

Bahati imerudi! Ule mteremko uliopasuka tulishauvunja, na sasa Bi. Kavutha anataka chumba. Anafuma sweta kwa mashine. Haoni, anatembea na fimbo nyeupe. Nikakumbuka kiapo changu, nikamuuliza anahitaji nini. Akasema ngazi hazimsumbui kabisa, na kweli alizipanda haraka kuliko mimi. Ana ombi moja tu: njia ya kutoka barabarani hadi ngazini ibaki wazi, nisiweke kitu hapo, maana anaipita kwa kumbukumbu.

Nikaahidi kwa moyo wote. Nimeuliza na nimesikiliza, Selpha ni shahidi.

Sasa namwandalia jambo la kumfurahisha: mteremko mpya! Rangi ya samawati safari hii, kwa sababu nyekundu inachosha macho. Chifu ameshakubali kuja. Mvua iko mbali na ardhi ni ngumu kama jiwe, kwa hiyo Oyoo hana haja ya kuchimba. Anaanza kesho asubuhi. Kokoto tumezimwaga pale njiani, kwa muda tu.