Marehemu Aliyerudi Kunywa Chai

Ijumaa, 26 Desemba

Nimehesabu. Vitabu ishirini na vitatu mwaka huu! Mimi, mama wa mtoto wa mwaka na nusu, ninayesinzia nikipiga mswaki! Nimejitazama kwenye kioo kwa heshima kidogo.

Heshima ikaisha nilipokutana na wifi yangu kwenye ngazi. Yeye ni fundi cherehani, kasoma thelathini na kimoja, na kaviorodhesha kwenye daftari lenye mistari ya rula. Kaniuliza mimi nimefika wapi. Nikasema si haba. Akasema wifi, hilo si jibu, hicho ni kikohozi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumanne wasomaji wa maktaba tunakutana, na kila mmoja atasimulia kitabu kimoja alichosoma mwaka huu. Tutapiga kura. Mshindi ataondoka na kitabu kikubwa cha nyota, akae nacho Januari nzima. Hicho huwa hakiazimwi. Kinakaa kwenye kabati la kioo, kizito kama mwanangu. Siku moja mkutubi alinifunulia ukurasa mmoja tu, nikasahau nilichofuata pale. Nikasahau hata miguu inayouma.

Nakitaka. Sijataka kitu namna hii tangu nilipotaka kulala.

Jumamosi, 27 Desemba

Nitasimulia riwaya ya ukoo wa mafundi saa. Sijapata kuona! Babu wa ukoo anafariki. Anazikwa. Nililia, na mwanangu Kijino akalia kwa sababu mama analia. Kesho yake nikafungua pale penye utepe wangu wa kuwekea alama, nikamkuta babu mezani anakunywa chai! Hakuna maelezo. Hakuna anayeshtuka. Mkwewe anamuuliza tu kama sukari imekolea.

Nilikaa nimekikumbatia kitabu. Kumbe mtu anaweza kuandika hivi! Hata harusi ya mjukuu inafanyika mara mbili, neno kwa neno, kama vile furaha ya kwanza haikuaminika.

Nimemsimulia mume wangu. Kasema ama kitabu ni cha ajabu, ama mimi nimechoka. Nikamwambia yote mawili ni kweli, na aende akamwogeshe mtoto.

Jumatatu, 29 Desemba

Njama. Nimempelekea wifi gauni langu alipunguze kiunoni, ili akiwa anapima nichungulie daftari lake. Gauni halikuwa na shida yoyote. Nimechungulia. Kachagua riwaya ileile!

Furaha iliyoje! Yeye hupenda kusimulia kwa kifupi. Nimekwenda mbio maktaba, nikamwomba mkutubi amtangulize yeye, mimi nifuate. Akimaliza kumzika babu, mimi namfufua. Ukumbi mzima chali!

Gauni limepunguzwa kwelikweli. Sipumui. Nitalivaa hivyohivyo, sitaki maswali.

Jumanne, 30 Desemba

Wifi kasimulia kama anayesoma vipimo vya suruali. Babu kaishi, babu kafa, saa zimerithiwa, asanteni.

Nikasimama. Nimesimulia chai. Nimesimulia sukari. Nesi mstaafu wa safu ya mbele kavua miwani. Nimesimulia harusi mara mbili.

Mkutubi akaichukua riwaya yenyewe, akaipekua, akaiweka mezani. Akauliza kwa upole babu anakunywa chai ukurasa wa ngapi. Sabini na mbili, nikasema. Na kafariki wa ngapi? Tisini.

Mungu wangu.

Wifi akapiga ukelele, eti wifi, mtoto ndiye anayehamisha utepe! Sote tukageuka. Kijino alikuwa kapanda kiti cha mkutubi, kauchomoa utepe wangu kwenye riwaya, anauchomeka kurasa thelathini nyuma, taratibu, kama daktari. Mwaka mzima! Mbele, nyuma, apendavyo! Vitabu ishirini na vitatu!

Watu wamecheka mpaka viti vikasogea. Mimi nimemshusha mtoto, nikamwambia hapana ni hapana, na nikatafuta mlango.

Wifi akanishika mkono. Akawaambia watu kwamba yeye tangu Mei anamlilia yule babu, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona tena akiwa hai. Kura yake kanipa mimi. Akaniambia kaa chini kabla gauni halijapasuka, nimelipunguza mwenyewe, nalijua.

Nimeshinda kwa kura mbili. Sielewi. Nimelia tena.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya, mwenendo mpya. Ukurasa wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kitabu kimoja kiishe ndipo kingine kianze. Nimeapa mbele ya mume wangu, naye kaitikia bila kuinua macho.

Saa tatu asubuhi nimeanza kitabu cha nyota. Saa tatu na robo Kijino kaamka, kapanda mapajani, kakifungua katikati kwa mikono miwili. Kurasa mbili nzima nyeusi, na ndani yake mwanga umemwagika kama unga, hauna mwanzo wala mwisho. Mtoto asiyetulia hata akivalishwa soksi katandaza kiganja juu ya ule weusi, akanyamaza. Sijui tumekaa muda gani. Chakula kimeungua.

Nimeandika kwenye orodha ya mwaka: kitabu cha kwanza, kimesomwa chote. Cha pili, cha tatu na cha nne nimeviandika pia. Bado sijaviazima, lakini najifahamu.