Hitilafu Nilizomfichia Mdogo Wangu

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Mtihani wa leseni ya ufundi umeme ni wiki ijayo. Jumatatu nadharia, Jumanne vitendo. Nimeshafeli mara mbili. Anayefeli mara ya tatu hufungiwa nje miaka miwili, ndiyo sheria yao, walaaniwe walioitunga.

Leo baada ya chai Baba ametuita sebuleni, mimi na mdogo wangu wa kike. Mikono ya Baba inatetemeka tangu mwaka jana, bisibisi haikai tena, na mkaguzi ameshamwambia karakana isiyo na fundi mwenye leseni itafungwa mwaka ukiisha. Karakana hiyo ndiyo iliyotulea. Ndiyo iliyomtibu Mama mpaka siku yake ya mwisho. Baba akautundika ufunguo wa karakana kwenye msumari chini ya saa ya ukutani, akasema atakayeleta leseni auchukue. Akatutazama wote wawili. Wote wawili! Mimi ndiye kifungua mimba! Huyu kitinda mimba anafanya mtihani kwa mara ya kwanza, na ile testa, bisibisi ya kupimia umeme, anatembea nayo kaichomeka kwenye nywele utadhani kitana. Namwita Bi Testa. Anadhani ni sifa.

Nimetumia siku nzima kuchora ratiba ya kujisomea. Kijani nadharia, nyekundu hesabu, bluu mapumziko. Bluu imezidi kidogo. Ratiba imependeza mno. Shangazi amekuja kufagia, akaitazama, akauliza kama msahihishaji atatoa alama za rangi. Sikumjibu. Kusoma kunaanza kesho.

Ukuta kati ya chumba changu na cha Bi Testa ni ubao mwembamba tu. Namsikia anasoma kwa sauti tangu mchana. Hajachora chochote. Sina raha.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Ratiba ilisema niamke alfajiri. Nimeamka jua likiwa miguuni. Siku ya kwanza imeharibika, na ratiba ikiharibika mwanzo haifai tena. Nimechora nyingine.

Nikachora huku namsikia yule anasoma, anasoma, anasoma. Anapumua saa ngapi? Ndipo wazo likanijia. Kama mimi siwezi kwenda mbio, basi yeye aende polepole. Chumba chake hakina dirisha la maana, bila taa huoni hata kiganja chako. Alipokwenda kuoga nikaingia, nikafungua swichi yake, nikalegeza waya mmoja, nikafunga. Kazi safi.

Karejea, kawasha, giza! Akasema kwa sauti kwamba umeme umekatika. Akachungulia sebuleni, taa inawaka. Nikamsikia anavuta kigoda. Alianza kwenye balbu, akaja kwenye holda inayoshika balbu, swichi akaifikia jioni. Mchana mzima umekwenda na maji! Nimefurahi sana. Mimi pia sikusoma, kwa kuwa nilikuwa nimeweka sikio ubaoni.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Hitilafu ya leo ni ya kisomi zaidi. Kwenye kisanduku cha maungio pale koridoni nimechomoa waya unaorudisha umeme kutoka chumbani kwake. Ukifanya hivyo, testa inawaka pande zote mbili za holda na taa haiwaki ng'o. Fundi mchanga huchanganyikiwa. Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa miaka miwili iliyopita, mbele ya msahihishaji.

Nikatega sikio. Kapanda kigodani, kapima, akanong'ona kwamba moto, yaani umeme, upo huku na upo kule. Nikajiambia, haya, lia sasa. Badala ya kulia, akacheka! Akashuka, akaja moja kwa moja koridoni, akafungua kisanduku, akaurudisha waya mahali pake. Hata chai yangu haijapoa.

Kisha akabisha mlangoni kwangu, eti kaka, njoo uone jambo la ajabu, nimelielewa leo. Akanieleza. Ikabidi nitikise kichwa kama mtu anayejua. Nilikuwa sijui kwamba ndiyo sababu yenyewe. Nina hasira mpaka mikono imekufa ganzi. Ratiba inasema bluu, nimelala.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Nimeacha kusoma vitabu vyote. Ni ujinga. Mwenye akili hubashiri maswali. Nimepanga karatasi za mitihani iliyopita kitandani, nikagundua kwamba waya wa ardhi uliulizwa mwaka jana. Basi mwaka huu hautoki. Mada nzima nimeifuta kwa wino mwekundu. Mzigo umepungua, roho imetulia.

Baba akaingia na kikombe cha chai. Haji chumbani kwangu hivi hivi. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema anataka kunieleza waya wa ardhi, kwa kuwa ndiyo mada iliyomtoa jasho alipokuwa kijana. Nikamwambia asijisumbue, mwaka huu haitoki. Akaniuliza nani kasema. Nikamwonyesha karatasi zangu. Akazitazama kwa muda, akasema sawa mwanangu, akainuka.

Kikombe chake kiligongagonga kisahani koridoni kote mpaka jikoni. Nimekisikia. Mkono ule ndio ulionishika nisianguke nilipojifunza kupanda ngazi. Nilitaka kumwita arudi. Sikumwita. Hitilafu ya leo haikufanyika, sina moyo.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Moyo umerudi! Bi Testa amesema wakati wa kifungua kinywa kwamba tangu Jumanne anahisi yuko tayari kuliko wakati wowote tangu azaliwe. Yuko tayari! Akaenda dukani na Shangazi. Nikajifunga kibwebwe.

Hii ya leo wajukuu watasimuliana. Nimepanda juu ya dari, nikautoa waya unaolisha chumba chake, nikaukunja na kuukunjua, kuukunja na kuukunjua, mpaka shaba ikakatika ndani kwa ndani. Ganda la plastiki halina hata mkwaruzo. Ukiutazama, waya mzima. Ukiupima, maiti. Nilikuwa nimesahau kwamba waya huohuo ndio unaopeleka umeme chumbani kwangu, na kwenye soketi ya pasi ya Shangazi. Vyote vikazima. Shangazi akaja na kitenge kilichokunjamana mkononi, akawatukana watu wa umeme ukoo mzima. Nikamsaidia kuwatukana.

Bi Testa hakutukana mtu. Alipima katikati ya njia, kwenye maungio. Huku moto upo, kule haupo. Akaigawa nusu iliyobaki. Akaigawa tena. Alipobaki na kipande kimoja, akazima swichi kuu, akafumba macho, akaupapasa waya kwa vidole taratibu mpaka pale palipolegea. Akaunga. Taa zikawaka nyumba nzima na Shangazi akapiga vigelegele.

Lililonitisha si hilo. Baba alikuwa kaketi koridoni muda wote. Hakumtazama Bi Testa. Alikuwa ananitazama mimi. Kisha akatazama magoti ya suruali yangu, yamejaa vumbi la dari. Maji yamenifika shingoni.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Baba kaniita uani, peke yangu. Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina mbili, mmoja wa panya na mmoja wa kutu.

Akaniambia aliniona kupitia mlango ulioachwa wazi, Jumanne ile, nikifungua swichi ya mdogo wangu, na jana kanisikia juu ya dari. Nikafungua mdomo kuanza ule wa panya. Akaninyamazisha. Akasema fundi aliyemlea alikuwa akimfanyia vivyo hivyo. Anamfichia hitilafu bila kumwambia, anamwacha ahangaike, na hiyo ndiyo shule iliyomfanya awe alivyo. Yeye mwenyewe alitaka sana kutufanyia sisi, lakini mikono imemsaliti. Akanishika bega kwa mkono ule unaotetemeka. Akasema anaomba radhi, alikuwa akidhani namwonea wivu mdogo wangu, kumbe nimeacha kitabu changu, wiki ya mtihani wangu mwenyewe, ili nimwandae yeye. Akasema, "Sasa hata nikiitwa leo, nitakwenda roho nyeupe."

Machozi yalinitoka. Ya kweli kabisa, sijui ya nini. Baba akadhani ni unyenyekevu, naye akafuta yake.

Nilitakiwa niseme pale pale.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Nimepiga moyo konde. Leo nitamwambia Baba ukweli, kisha nitasoma siku nzima bila kuinua kichwa, kuanzia waya wa ardhi.

Nimeanza na ratiba ya siku moja. Ndogo, ya rangi mbili tu. Nilipoimaliza ilikuwa jioni na Baba alikuwa ameketi na Bi Testa, wanacheka, binti anamwonyesha baba yake jinsi anavyopapasa waya. Sijamwona Baba akicheka tangu Mama alipotutoka. Nikarudi chumbani. Nimeweka kitabu chini ya mto. Kuna watu wanasema husaidia.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Nadharia. Swali la kwanza, la lazima, lenye alama nyingi kuliko yote: eleza kazi ya waya wa ardhi. Lahaula! Nikasoma tena, labda macho yananidanganya. Nikaandika kwamba ni waya muhimu sana kwa ardhi. Nikapiga mstari chini ya muhimu.

Meza ya mbele Bi Testa aliomba karatasi ya ziada. Aliyemweleza ni Baba, Alhamisi ile ile, baada ya kutoka chumbani kwangu. Kikombe kile kilimkuta jikoni.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Vitendo. Kila mtahiniwa kapewa ubao wake wenye taa, swichi na waya, taa haiwaki, tafuta hitilafu. Nikakaza skrubu zote. Nikabadili balbu. Nikautazama waya, hauna hata mkwaruzo. Nikaupima, maiti. Hapo nikaelewa, na jasho likanitoka. Ni ile yangu! Ile ya Ijumaa! Nikatabasamu peke yangu kama mwehu, kwa kuwa mle ukumbini hapakuwa na mtu aliyeijua hitilafu ile kuliko mimi.

Lakini imekatika wapi? Mimi najua kuificha. Sijawahi kuitafuta. Nikafumba macho, nikapapasa kama nilivyomwona, vidole havikuniambia kitu. Muda unakwenda. Nikauchubua waya wote kwa hasira, nikagusanisha visivyopaswa kugusana. Paa! Taa zote za ukumbi zikazima.

Msahihishaji akauliza kwa upole ni nani. Upole wake ndio ulioniua. Kwenye mwanga wa madirisha niliuona ubao wa Bi Testa, jirani yangu. Alikuwa ameshamaliza kitambo, mikono kaifumbata, ananitazama kwa huruma. Afadhali angecheka.

Ijumaa, tarehe 28 Novemba

Matokeo yametoka. Bi Testa kafaulu, na vitendo kaongoza kundi zima. Mimi miaka miwili nje.

Baba akautoa ufunguo msumarini. Ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamkabidhi. Bi Testa akaupokea kwa mikono miwili, akalia, kisha mbele ya Shangazi na wote akasema leseni hii si yake peke yake, Baba kamweleza kila kitu, bila kaka yake asingefika popote, na kwamba karakana ni yetu sote na kesho nije kazini kama kawaida. Shangazi, ambaye hajawahi kunisifu tangu ninyonye, akanikumbatia. Nilisimama pale nimenywea, nikitaka ardhi ipasuke. Sikusema. Nani angesema?

Nimerudi chumbani kuandika haya, na taa yangu ikagoma kuwaka. Nikajiambia umeme umekatika, nikalala chali nikiusubiri. Sebuleni wanaongea, redio inaimba. Kisha sauti ya Bi Testa ikaja kupitia ubaoni, taratibu, kwa upendo mtupu. Akasema kaka, nimekufichia moja, ndogo, ile ya kwanza uliyonifanyia mimi. Nimeona nawe uanze mazoezi mapema, nami nitakufichia kila wiki mpaka miaka miwili iishe. Itafute taratibu, sina haraka.

Nikamwambia asante, mdogo wangu, nitaitafuta.

Nitaitafuta, lakini si kiholela. Kosa langu safari hii lilikuwa ratiba. Ilikuwa ya wiki moja, ikanibana. Miaka miwili ni muda wa kutosha kuchora inayoeleweka, yenye rangi nne. Nimekwenda jikoni kuomba mishumaa ya Shangazi, na penseli ya njano nimeshaichonga. Swichi ipo pale, hatua moja kutoka kitandani. Ratiba ikikamilika nitaifungua.