Faili la Mzinga Limegoma Kufunguka

Twalibu, Kibanda cha Kadi,
Isevya, Tabora.

Kwa Fundi Mkuu wa Kompyuta wa Ukoo,
Ndugu Adinani,
Dar es Salaam.

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia kabisa tusipoteze muda, maana Jumamosi iko karibu. Mama yako Hafsa mzima, anasema sauti yako kwenye simu ni ya mtu asiyekula. Mimi pia mzima, ila moyo umesusa.

YAH: FAILI KUNIKANA MIMI NILIYELIZAA

Unaijua kazi ya warina asali wa Kwihara. Wanataka apu ya simu ya kuagizia asali, na mimi mjomba wako, mchapa kadi za harusi, nimepewa kuchora skrini zake: kitufe cha Agiza hapa, picha ya dumu pale. Ile programu ya kuchorea uliyoniwekea haina kasoro. Unakokota kitufe, unakidondosha unapotaka, kinatulia kama mkwe mgeni. Sina ugomvi na kuchora. Ugomvi wangu ni kusevu, na uko hivi:

1. Kila nikimaliza kuchora, programu ilikuwa inaniuliza nisevu kwa aina gani ya faili. Aina zote zilizokuwepo ni za watu. Jirani yangu Valentino, ambaye naye anachora, angeweza kulifungua kwake akasema kazi yake. Huyu ameniiga mpaka rangi ya mlango. Ndiyo maana nikakuomba uichokonoe programu isevu kwa aina yetu ya ukoo. Mizinga ya marehemu babu yako kule porini ilikuwa na alama, ameichanja kwa shoka kama unyayo wa kanga, na hakuna mrina asali aliyeigusa. Nikasema faili nalo liwe hivyo. Liitwe .mzinga.

2. Ulicheka kwenye simu. Nilisikia. Nilikusamehe hapohapo, lakini naliandika liwepo.

3. Uliiweka. Nikasevu kazi yote kwa .mzinga, yale mafaili ya zamani nikafuta, maana mzinga mmoja hauwi na alama mbili. Kesho yake nataka kufungua nirekebishe dumu, programu inasema aina hii ya faili haiitambui. Adinani, si ndiyo yenyewe iliyosevu? Imesonga ugali kwa mkono wake, halafu inauliza hiki ni nini. Nikakuandikia, ukajibu: "Mjomba, nimemaliza kusevu tu, upande wa kufungua bado, si nilikwambia usubiri?" Mpwa anamwambia mjomba asubiri. Dar imekuharibu.

4. Nikamtumia Mama Agnetha, katibu wa warina asali, labda simu yake ina akili kuliko kompyuta yangu. Ikagoma. Akaja kibandani mwenyewe, bado na sare ya kwaya, akanisema mbele ya wateja: "Twalibu, hata mzinga wa baba yangu una tundu la kuingilia nyuki. Huu wako tundu liko wapi?" Watu walicheka mpaka bibi harusi mmoja akasahau jina la bwana harusi, na kadi ndiyo naichapa. Mama kanipa mpaka Jumamosi kwenye mkutano wao. Nisipoonyesha michoro, kazi inakwenda kwa Valentino. Na hii, mpwa wangu, ndiyo kazi ya kwanza maishani mwangu ambayo haina picha ya pete mbili.

5. Kwa hiyo naomba kwa heshima simu ya Mama Agnetha ifundishwe .mzinga. Ikishajua ya kwake, zijue na za warina asali wote wa Kwihara, halafu Lusu, halafu Ziba, maana nyuki hawana mipaka ya wilaya. Tukifika hapo, kuibagua mikoa mingine itakuwa si ustaarabu, kwa hiyo nchi nzima. Wanaotengeneza simu huko ng'ambo nao uwaandikie, wewe Kiingereza unakiweza: kuanzia sasa, simu isiyofungua .mzinga isishushwe Tabora.

6. Wakibisha, wakumbushe. Wazee wetu walibeba mizigo ya dunia nzima kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu, na sijasikia kwamba mmoja wao alisimama katikati ya njia akamwambia mwenye mzigo, "Samahani, aina hii siitambui." Walibeba. Sasa dunia ibebe kimoja chetu, tena hakina hata uzito.

7. Programu iniombe radhi. Kwa Kiswahili.

Mke wangu Zamda anakusalimu, anauliza utaoa lini, kadi zipo. Nisalimie wenzako wa ofisini, na mama mwenye nyumba anayelalamika kwamba kompyuta yako inakula umeme. Mwambie ya kwangu inakula mafaili.

Ni mimi mjomba wako, ninayeonewa na kazi ya mikono yangu,

Twalibu
(Kadi za Harusi, Mihuri na, Mungu akipenda, Apu)

Nyongeza: Kabla sijaituma barua, Valentino kaingia kibandani, kompyuta kwapani. Mama Agnetha alimrushia lile faili ajaribu. Akafuta .mzinga mwishoni mwa jina, akaandika ile aina ya kawaida, likafunguka lote, mpaka dumu. Kumbe, Adinani, ulinibandikia jina tu, ndani ni faili lilelile la watu. Nikamuuliza kwa nini hakusema kazi yake. Akanishangaa: "Si lilikuwa na alama yako? Mzinga wa mtu unaushusha hivihivi?" Ameshamwonyesha Mama Agnetha, amemwambia ni kazi ya Twalibu, na Mama amekubali. Jumamosi nakwenda na shati la Idi. Basi malalamiko yote futa, simu za dunia ziache zilivyo, radhi ya programu nimesamehe. Limebaki ombi moja. Valentino amependa, naye anataka aina ya ukoo wake. Mwekee. Ila ya kwake usibandike jina tu, ifunge kweli, maana hii ya kufuta jina sasa naijua.