Namna Bendi ya Kutu Ilivyomzika Mjomba Mara ya Pili

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu mia moja na kumi na tisa. (Niliwahesabu mara mbili. Mara ya pili walikuwa mia moja na ishirini, maana mlinzi alikuwa ameinama nyuma ya geti akicheka.) Naandika upesi barua hii iwahi basi la jioni, ili nyie mliohamia Dar myasikie kwangu kabla hamjaletewa na watu wanaotia chumvi.

Kila mkiandika mnaniuliza historia ya bendi. Haya, historia yenyewe mtaipata leo pamoja na mazishi yake.

Mnakumbuka kiwanda chetu cha masufuria kilikuwa na bendi ya dansi, kama mashirika mengi ya umma ya wakati ule. Asubuhi mtu yuko kwenye mashine, jioni yuko jukwaani na suti ya kiwanda. Serikali ilipochoka kutubeba, wa kwanza kupunguzwa walikuwa wapiga tarumbeta. Vyombo vikabaki vimefungiwa ukumbini, na ufunguo wa ukumbi ukabaki kwangu, mtunza stoo. Ufunguo ukikaa sana mfukoni unawasha.

Tukawa wanne. Mimi gitaa la besi. Chande wa karakana, gitaa la kwanza. Remi, Mluguru wa Matombo, dramu. Na Zena wa kufungasha mizigo, ambaye hakuwahi kuimba popote, ila aliwahi kugombana na msimamizi hadi vioo vikatetemeka. Mwalimu mmoja wa kujitolea, Mzungu, alikuwa ameniachia kaseti aliporudi kwao. Ndani yake vijana wa huko walikuwa wanaipigia kelele serikali yao kama watu waliomwagiwa maji ya moto. Hatukuelewa hata neno. Tulielewa yote.

Tukajiita Kutu, kwa sababu nyuzi za gitaa zilikuwa na kutu na duka zima la mjini halikuwa na nyingine. Spika moja ilikuwa imepasuka. Ikakwaruza sauti vizuri sana, tukaiacha hivyo hivyo. Wimbo wetu mrefu kuliko yote una dakika moja na nusu. Nyimbo zote kumi na mbili zinaisha chai ikiwa bado ya moto.

Siku ya wafanyakazi tulipewa nafasi tuburudishe watu. Tuliburudisha kwa sekunde arobaini, kisha mtu akachomoa waya. Zena akaendelea bila waya. Yule akiimba Mzinga, mtu aliyeko Kingolwira, upande wa pili wa mji, anageuka. Vyama vilipokuwa vingi tukadhani na marafiki watakuwa wengi. Chama cha zamani kikatuita tukisifu. Cha upinzani kikatuita tukitukane cha zamani. Kote tuliuliza swali moja tu: kiwanda mtakifanyaje? Kote tulipewa soda na kuambiwa asanteni kwa kuja.

Sasa kiwanda kimeuzwa. Mnunuzi alikuwa anakuja leo Jumamosi saa nane kukabidhiwa, pamoja na vyote vilivyomo kwenye orodha. Na orodha aliiandika nani? Mimi. Ukurasa wa sita: dramu seti moja, magitaa matatu, amplifaya mbili, spika mbili na moja imepasuka. (Meneja alisema nihesabu kila kitu. Kuniambia mimi nihesabu ni sawa na kumwambia mbuzi aonje mchicha.)

Ukumbi ulikuwa ufungwe saa saba. Vyombo vikibaki ndani, Kutu imekwisha, maana nani kati yetu ana uwezo wa kununua dramu? Na Zena alikuwa ameapa kwamba yule mnunuzi hatashika funguo kabla hajausikia wimbo wetu, kiwanjani ng'ambo ya geti. Tatizo lilikuwa geti lenyewe. Mzee Nassoro mlinzi anapekua hadi vikapu vya chakula.

Wazo lilikuwa langu, nakiri. Kiwanda chetu, mfanyakazi akifiwa, karakana ya useremala inampa jeneza. Jeneza tupu linatoka getini kwenda kuchukua maiti. Na katika nchi hii bado hajazaliwa mlinzi wa kupekua jeneza. Kwa hiyo Remi afiwe, nasi tutoke na dramu ndani ya sanduku.

Afiwe na nani? Kumwua mtu hai nilikataa, ni kujitafutia mkosi. Remi akasema mjomba wake Kobelo alikufa mwaka juzi kule Matombo. Nikafurahi. Alishakufa, tena vizuri, kwa uzee, wala hatutamsumbua mtu. Tutamrudia tu.

Saa tatu asubuhi nikampeleka Remi kwa karani wa utumishi. Karani akafungua kanuni: baba, mama, mke, mtoto. Mjomba hayumo. Nikamweleza kwa upole kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Akijitia hajui hilo, basi atayapata kwa Waluguru wote wa zamu ya asubuhi. Karani akatafakari. Akaandika: jeneza moja, la mbao za kawaida.

Hapo ningesema asante. Mtu mwenye akili angesema asante. Lakini mimi sijawahi kupokea bei ya kwanza tangu nizaliwe. Nikamwambia, "Jeneza bila usafiri ni kabati tu, ndugu yangu." Akaongeza lori. Nikamwambia lori bila wasindikizaji ni fedheha kwa kiwanda, tena siku ya mgeni. Akashusha pumzi, akaandika: wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wameruhusiwa kwenda kuzika.

Nilitoka pale kifua mbele. Remi akanitazama kama mtu aliyeuziwa punda aliyekufa.

"Stoo," akasema, "tulitaka sanduku. Umeniletea mazishi."

Saa sita unusu tukatoka ukumbini na jeneza. Ndani: dramu zote, amplifaya moja, magitaa mawili na sahani ya shaba ya dramu. Kifuniko tulikipiga misumari miwili tu, ili kifunguke upesi. Tulikuwa wanne tukibeba jeneza tupu, na jeneza tupu lilikuwa linatuua. Chande mishipa ya shingo ilimtoka kama mizizi. Mzee Nassoro akauliza mbona kitu kitupu kinatulemea hivyo. Chande akasema ni mninga, mzee. Mzee Nassoro akashangaa kwa sauti: kiwanda kinachokosa karatasi za chooni kimepata wapi mninga? Lakini msiba ni msiba. Akavua kofia, akaingiza bega lake, akabeba pamoja nasi hadi kwenye lori lililongoja uani, ndani ya geti. Njia nzima ananipa pole. Mimi!

Na uani palikuwa pamejaa. Akina mama wamejifunga khanga viunoni. Mtu kaleta mzigo wa kuni, mwingine unga, mwingine sufuria kubwa la kiwanda lenye kasoro. Watu waliojua wiki ijayo huenda hawana kazi walikuwa wamechanga mahindi kwa ajili ya mjomba wa Remi. Zena alipoona hivyo akaanza kulia, kulia kweli, kwa woga na aibu. Akina mama wakamwona analia, wakampokea. Ndani ya dakika moja ua mzima unalia. Nikamwuliza Chande tufanyeje. Akasema lia.

Nikalia.

Ndipo akaja Mama Kabula, mpishi wa kantini. Mnamjua: mwili wa pipa, jicho la mkaguzi. Mnyamwezi. Na nyie mnajua Wanyamwezi na Waluguru ni watani. Msibani mtani ana ruhusa ya kumcheka marehemu, kulizuia jeneza lisipite, hata kushuka kaburini akajilaza mpaka apewe jogoo. Nilikuwa nimehesabu kila kitu mara mbili isipokuwa watani. Kwa Mluguru aliyekufa hilo ni sawa na kusahau kuhesabu mvua masika.

Akapanda kwenye lori bila kusaidiwa, akakaa juu ya jeneza. Misumari yangu miwili ikalia.

"Haya, we mla ndizi," akamwambia Remi, "leo mmetupunguzia nani?"

"Mjomba wangu, Mama Kabula. Mjomba Kobelo."

"Kobelo yupi?"

"Wa Matombo."

Mama Kabula akajikaza khanga kiunoni. Ua mzima ukasogea kusikiliza.

"Kobelo wa Matombo nilimzika mwenyewe," akasema polepole. "Nililala kaburini mwake mkanitoa kwa jogoo. Na jogoo mwenyewe alikuwa anachechemea."

Remi akanitazama. Watu wote wakafuata macho ya Remi. Nikafanya ninachokijua: nikapanda kwenye lori, nikamnong'oneza Mama Kabula kwamba kuna jogoo, tena mzima wa miguu, ashuke tu twende zetu. Akatikisa kichwa. Nikasema wawili. Akatikisa kichwa. Nikasema wawili na debe la nyanya, bei ambayo sijampa mtu yeyote maishani.

"Sitaki jogoo," akasema. "Nataka nimwulize Kobelo alisahau nini hata arudi kuchukua sanduku la pili."

Akainuka, akaingiza vidole chini ya kifuniko, akavuta mara moja.

Sasa muone mambo yanavyopangwa. Mgeni alikuwa aje saa nane. Alikuja saa saba na dakika kumi, na nadhani ndiye mgeni rasmi wa kwanza kuwahi tangu tupate uhuru. Gari lake lilikuwa linaingia getini wakati kifuniko kinafunguka. Ile sahani ya shaba ilikuwa juu kabisa. Ikateleza, ikaanguka kutoka kwenye lori, ikasimama kwa ukingo wake na kuanza kuviringika. Ua wetu una mteremko, maji yote ya mlimani hupita pale. Ikaviringika katikati ya waombolezaji, nao wakaipisha kwa heshima. Ikapita mbele ya karani wa utumishi. Ikafika miguuni kwa mnunuzi, ikazunguka, ikazunguka, ikalala chali ikilia *waaaa* kwa muda mrefu kuliko wimbo wetu wowote.

Meneja akaitazama. Akanitazama mimi, juu ya lori, kando ya jeneza lililojaa dramu, machozi hayajakauka.

"Stoo," akasema. "Hiki ni nini?"

Naapa nilitaka kunyamaza. Mdomo ukajibu wenyewe, kwa mazoea:

"Ukurasa wa sita, mstari wa tano. Sahani ya dramu, moja. Ina ufa."

"Na mjomba?"

"Mjomba hayumo kwenye orodha, bwana meneja."

Hapo ndipo watu mia moja na kumi na tisa walipocheka. Kuna waliokaa chini. Mama mmoja alijifutia machozi ya kicheko kwa khanga ile ile aliyojifutia ya msiba. Karani wa utumishi ndiye peke yake hakucheka. Alikuwa anatafuta sahihi yake ilipo. Nikatamani kaburi la Kobelo liwe karibu, na Mama Kabula asiwemo.

Meneja akaamuru jeneza lirudi ndani na watu warudi kwenye mashine. Remi akaanza kushuka. Mimi nilikuwa nimeshashuka. Lakini Mama Kabula hakutoka alipokuwa.

"Bwana meneja," akasema, "hawa watu wameacha kazi zao waje kulia. Mimi nimejifunga khanga. Hatuwezi kurudi hatujamaliza kulia." Kisha akamgeukia Zena. "We binti, huo wimbo wenu mliotaka kuufia ni upi?"

Zena akapanda juu ya lori. Hakukuwa na waya wa kuchomoa. Remi akaingiza mikono ndani ya jeneza, akaanza kuipiga dramu ikiwa imelala humo humo. Zena akafungua kinywa:

"Mmeuza mashine!"

Ua, ambao haukuwahi kufundishwa wimbo huu, ukajibu wenyewe: "Tumenyamaza!"

"Mmeuza kuta!"

"Tumenyamaza!"

"Mmetuuza na sisi!"

"Rudisha chenji!" Hilo la mwisho Zena alilijibu mwenyewe, na ua ukalidaka.

Wakapiga ubavu wa lori, wakapiga sufuria lenye kasoro, wakapiga kuni kwa kuni. Mzee Nassoro alipiga geti lake mwenyewe kwa rungu. Dakika moja na nusu, tukairudia mara tatu. Nilimwona mnunuzi akimwinamia meneja na kumwuliza watu wanasema nini. Meneja akamjibu ni nyimbo zetu za maombolezo. Yule bwana akavua miwani, akainamisha kichwa, na tulipomaliza akaja kumpa Remi mkono wa pole. Remi akaupokea. Alisema asante, mjomba alikuwa mtu mzuri.

Vyombo wamevichukua. Nilivirudisha mwenyewe mbele ya meneja, kipande kwa kipande, nikatia sahihi, na ukumbi ukafungwa kwa lakiri. Hilo limeniuma na sitawadanganya. Lakini leo saa kumi nimepita kantini nikakuta akina mama wanaosha vyombo huku mmoja anadai chenji kwa sauti ya Zena, na wengine wanaitikia. Sasa Kutu tuko zaidi ya wanne, na sijui nitawahesabuje.

Nimepewa barua ya kujieleza. Wanataka nitaje tarehe aliyofariki mjomba wa Remi. Nitawaandikia zote mbili.

Mnicheke kimyakimya, basi la jioni linapiga honi. Na yeyote kati yenu akipewa jeneza la bure, aseme asante na aondoke. Asiombe na lori.